Fuko uchi ana haki ya familia yake

Mwaka 2014 wanasayansi Bruce Patterson na Nathan Upham walipendekeza fuko uchi, yule mchimbaji asiye na manyoya wa Kenya, Ethiopia na Somalia, atolewe katika familia ya Bathyergidae alikowekwa na mafuko wenzake, apewe ya kwake: Heterocephalidae. Wanaopinga wana hoja nzito. Mti wa ukoo haukubadilika hata tawi moja, maana pande zote zinakubali kwamba yeye ndiye aliyejitenga kwanza. Bathyergidae akiwemo ndani bado inakusanya wazao wote wa mzee mmoja, na hakuna kanuni iliyovunjwa. Familia ya spishi moja ya nini?

Mimi naona wanaupita umri haraka mno. Kwa makadirio ya wawili hao, fuko uchi aliachana na wengine miaka milioni 31 hivi iliyopita. Hao wengine, jenasi tano (yaani makundi matano ya spishi zinazokaribiana), walianza kuachana wao kwa wao yapata milioni 18 tu iliyopita. Pengo hilo ni kubwa kiasi gani? Nasaba ya binadamu na ya nyani, kwa makadirio mengi, ziliachana kati ya miaka milioni 25 na 30 iliyopita, na sijamsikia anayetaka tuwekwe familia moja na nyani. Ni kweli, hakuna sheria isemayo miaka mingapi inatosha kufanya familia. Lakini anayeona milioni 31 ni kidogo kwa mafuko atuambie kwa nini pungufu ya hapo inatosha kwetu.

Hoja ya malkia naiacha, ingawa upande wangu huipenda. Tangu mtafiti Jennifer Jarvis aeleze mwaka 1981 kwamba katika koloni jike mmoja tu, malkia, ndiye anayezaa, wengi huona hilo pekee linamtenga. Halimtengi: fuko wa Damaraland wa kusini mwa Afrika, aliye Bathyergidae halisi, naye ana mzazi mmoja na wasaidizi wengi.

Gharama ya jina la zamani huonekana maabara. Fuko uchi amewahi kuishi zaidi ya miaka 30 akifugwa, umri wa ajabu kwa mnyama wa gramu 35 hivi, na watafiti wa uzee humlinganisha na mafuko wengine kana kwamba ni ndugu wa karibu. Tofauti watakazozikuta zimekuwa zikijilimbikiza tangu kabla ya mafuko hao wengine kugawanyika, na jina Bathyergidae haliwadokezi hilo.