Dawa Iliyopungua Kushoto na Kuzidi Kulia

Wauguzi wangu walikuwa wananiita Mama Hesabu, na wala sikukasirika. Kwenye gari letu hakuna kisichohesabiwa. Vikombe vinahesabiwa, glavu zinahesabiwa, na siku mama ntilie alipotuletea maandazi 10 nikayahesabu mbele yake yakatimia 9, alinitazama kama mtu anayeulizwa na karani wa sensa ana kuku wangapi.

Ila dawa ndiyo hasa. Sisi ni kliniki ya mkoba: gari moja, sefu iliyokazwa sakafuni kwa bolti, dirisha dogo ubavuni, na watu 60 na kitu wanaokuja kunywa methadoni ili waachane na unga, yaani heroini. Wanakuja kila siku, na nikisema kila siku nina maana ya Idi, Krismasi na siku ya Simba na Yanga. Dawa hii humshikilia mtu kama saa 24 asipatwe na arosto, yale mateso ya kuukosa unga, kisha mwili unadai tena. Huduma ilianza Muhimbili mwezi Februari 2011, na tangu niingie kwenye kazi hii kilio ninachokisikia kuliko vyote ni nauli. Mtu hana kazi, ndugu wamemkatia tamaa, halafu unamwambia apande daladala kwenda na kurudi kila siku ya Mungu. Ndiyo maana gari likawafuata.

Sisi tunawaita wateja. Mtaa unawaita mateja. Tofauti ni herufi moja, na kazi yetu karibu yote ipo kwenye hiyo herufi.

Kunywa kwenyewe kuna utaratibu. Mteja anakuja dirishani, muuguzi anamwangalia macho, anamsikiliza anavyoongea, ananusa kama kuna pombe. Halafu anavuta dozi yake kwa bomba, anaitia kwenye kikombe, mteja anakunywa akionekana, anashushia maji, kisha lazima aongee. Wapo wajanja wanaoificha dawa mdomoni wakaiuze kichochoroni, na aliyejaza mdomo haongei. Kila muuguzi ana neno lake la mtihani. Langu ni "Nachingwea". Ukiweza kusema Nachingwea mara mbili bila kutiririka kidevuni, nenda salama.

Sasa siku yenyewe. Ilikuwa Jumanne ya masika, na kiwanja tunachoegesha kilikuwa kimegeuka bwawa la kambare. Dereva wetu, mzee mtulivu asiyependa maneno, akasema twende kule mbele karibu na ukuta wa msikiti, pamenyooka. Mimi nikakataa. Kule wateja watatembea mita 50 zaidi na mvua hii! Nikamwonyesha rundo la kifusi lililomwagwa pembeni ya maji, nikamwambia apandishe tairi za kushoto hapo, za kulia zibaki chini, mlango utakuwa pakavu.

Akapandisha. Akashuka, akalizunguka gari, akarudi.

"Mama, gari limelala."

"Limelala au limekufa? Kama limelala liache lipumzike, limetoka mbali."

Yule mzee akavuta kofia usoni, akalala na yeye. Maneno hayo nayakumbuka vizuri kwa sababu baadaye niliyaandika kwenye ripoti.

Kawaida tunapima dawa mara mbili, asubuhi kabla ya kutoka na jioni tukirudi, mezani, kituoni. Lakini wiki ile nilikuwa nimetoka kwenye semina ya usimamizi shirikishi. Kwa siku mbili tumefundishwa kwamba msimamizi mzuri hawavizii watu wake, anakaa nao, anawasikiliza. Mimi nilichoelewa ni kwamba nianzishe ukaguzi wa kushtukiza.

Saa 4 na robo, wateja 22 wameshakunywa, nikasema simamisheni. Tulitoka na mililita 600, zimetolewa 171, zinatakiwa zibaki 429. Nikamimina kwenye silinda ya kupimia, nikaiweka kaunta, nikainama hadi jicho likawa sawa na mstari kama tulivyofundishwa chuoni.

423.

Nikainama tena. 423. Zimepungua mililita 6. Kwa asiyejua, dawa yetu ina miligramu 10 kwa kila mililita, kwa hiyo 6 ni miligramu 60, yaani dozi kamili ya mtu mzima imeota mabawa. Ukimpa asiyeizoea, unaweza kumuua. Mikono ikaanza kunitoka jasho ndani ya glavu.

Nikamgeukia kijana wangu wa dirishani. Na bahati yake mbaya, wakati ule ule akapiga mwayo.

Jamani, mwayo! Kazi hii ikikuingia, mwayo si mwayo tena. Mwayo, makamasi, vipele vya baridi kwenye joto la Dar es Salaam, hizo ndizo dalili za arosto tunazozijaza kwenye fomu. Nikachukua tochi nikammulika machoni. Mboni zikanywea papo hapo zikawa kama tundu la sindano, ambayo ni dalili ya aliyekwisha kutumia. Nikaona Mungu wangu, huyu ana arosto na amelewa kwa pamoja. Ilinichukua muda kukumbuka kwamba mboni ya kila mtu hunywea ukiimulika tochi.

"Sema Nachingwea."

"Mama?"

"Sema!"

"Nachingwea."

"Tena."

"Nachingwea. Mama, nilichelewa kulala, nilikuwa naangalia mpira."

Foleni yote nje ikawa kimya. Mteja mmoja akasema kwa sauti ya huruma, "Pole dokta, leo na wewe umeonja."

Binti yetu, mgeni, ana miezi mitatu tu tangu aajiriwe, alikuwa amekaa upande wa pili wa kaunta, kulia. Akaomba na yeye asome. Akainama, akanyanyuka, akainama tena. Nikamuuliza ngapi. Akajibu kwa sauti ndogo sana, kama anayetoa habari ya msiba:

"435, mama."

"Soma vizuri."

"435. Imezidi mililita 6."

Sasa hapo nikachanganyikiwa. Dawa ikipungua, kuna mwizi. Dawa ikizidi, kuna nini? Imezaa? Nikasoma mimi: 423. Akasoma yeye: 435. Kijana tukamwita asome akiwa katikati, akasoma 429, tukamwambia anyamaze, yeye ni mtuhumiwa.

Halafu binti akakohoa. "Mama, samahani. Kwa mujibu wa utaratibu, wote tulioshika chupa tunatakiwa kukaguliwa."

Kweli. Nimewafundisha mwenyewe. Nikanyoosha mgongo niseme Nachingwea kwa heshima zote za cheo changu, nikakumbuka nina kipande cha muhogo shavuni tangu saa 4 kasoro, maana ukaguzi wa kushtukiza ulinikatiza na mimi kifungua kinywa. Kilichotoka si Nachingwea. Kilitoka na muhogo.

Nje vicheko vilinyanyua paa la mama ntilie. Lakini havikudumu, kwa sababu huduma ilikuwa imesimama kama dakika 40 na watu hawajanywa. Miayo ikaanza kwenye foleni, mmoja baada ya mwingine, na kwa vile mwayo huambukiza sikuweza tena kujua nani ana arosto na nani anamuiga jirani. Maneno yakaanza kutembea: dawa imeisha, dawa ya leo ni maji, sista mkubwa kakamatwa na muhogo. Mimi nilikuwa nimeshampigia simu mfamasia wetu, mama mkali anayezungumza kwa nukta, akajibu maneno mawili: "Nakuja. Msigawe."

Ndipo mtu mmoja akagonga dirisha. Jina lake silitaji, siri ya kliniki ni siri ya kliniki. Niseme tu ni fundi mwashi, alipotea kwenye maskani kwa miaka, na mwaka ule alikuwa amerudi kazini. Kila asubuhi alikuwa anapitia kwetu kunywa, halafu huyo, saiti, na kiroba chake cha vifaa begani. Alishachelewa na alikuwa na hasira za adabu.

"Sista. Hiyo chupa mnaipimia hapo hapo?"

"Ndiyo. Rudi kwenye foleni, baba."

"Gari likiwa limekaa hivi?"

"Limekaaje?"

Hakujibu. Akaingiza mkono kwenye kiroba, akatoa mwiko, akautia kwapani, akatoa kamba, akatoa pima maji ya manjano iliyochakaa. Akainyoosha kupitia dirishani, akailaza kwenye kaunta yangu, kushoto kwenda kulia. Kile kipovu cha ndani kikakimbilia kushoto, kikajibana mwisho kabisa kama teja aliyeona Defenda ya polisi.

"Sista," akasema, "hapa hata tofali siwezi kupanga. Nyie mnapanga dawa."

Tukaitazama silinda. Mara ile ile sote watatu tukaona kile ambacho kwa saa nzima macho yalikataa: dawa ilikuwa imelala upande ndani ya chupa. Chupa imeinamia kulia pamoja na gari, dawa yenyewe imebaki kufuata ardhi ya Mungu, kwa hiyo mstari wake ulikuwa chini upande wangu na juu upande wa binti. Mtuhumiwa aliyekaa katikati ndiye peke yake aliyesoma sawasawa. (Dozi za wateja zilikuwa salama, bomba halijali gari limelalaje.)

Hapo ningetulia mambo yangekwisha. Tukarudisha dawa kwenye chupa yake, tukafunga sefu kwa funguo zote mbili, nikashuka na rejista mkononi nikamwamshe dereva asogeze gari kule kwenye ukuta wa msikiti. Nikamwambia, "Nenda." Nilichosahau ni kuiambia foleni.

Fikiria wewe ni mmoja wao. Umesimama saa nzima, pua inavuja, mifupa inaanza kukuuma, umesikia dawa imeisha, na sasa gari linawashwa na kuondoka. Walikimbia! Watu 40 hivi, kandambili zikiruka, wakipiga kelele, "Suka, usituache!" Bodaboda wa kijiweni wakaona umati unafukuza gari, wakahitimisha wanavyohitimisha siku zote, wakapiga kelele ya mwizi na kuwasha pikipiki. Dereva akatazama kwenye kioo, akaona kinachokuja, akafanya ambacho dereva yeyote mwenye akili angefanya. Akakanyaga mafuta.

Alipita ukuta wa msikiti. Mimi nikawa nyuma ya wateja, nyuma ya bodaboda, na kroksi mguu mmoja, rejista nimeinua juu, nikilia, "Siyo mwizi! Ni sisi!" Fundi alikuwa mbele kuliko wote, maana pima maji yake ilikuwa imebaki kaunta.

Gari lilisimama mbele ya bodaboda moja iliyokuwa inakuja kutoka upande wa pili. Nyuma yake, ameshika kofia ngumu kwa mkono mmoja na begi la ofisi kwa mwingine, alikuwa mfamasia.

Nilipofika, nikihema, alikuwa ameshasimama katikati ya barabara akiwatazama watu 40 wanaotoka jasho, bodaboda sita na mwenzangu mmoja mlangoni anayejaribu kutabasamu. Hakuniuliza chochote. Akapanda, akaiona pima maji kaunta, kipovu kimetulia katikati. Barabara ile imenyooka kama sahani. Akaomba silinda, akamimina, akainama kutoka kushoto, akazunguka akainama kutoka kulia.

"429. Tatizo lilikuwa nini?"

Tukagawa dawa kwanza, wa mwanzo akiwa fundi. Kisha nikapewa fomu ya tukio. Jina la msimamizi, nikajaza. Kiasi kilichopotea, sifuri. Hatua zilizochukuliwa, nikaandika mistari minne, nikaacha ya tochi. Kwenye "chanzo cha tatizo" nilikaa muda mrefu. Mwishowe niliandika neno moja, "Kifusi", naye akaniambia kwa nukta zake nieleze ni nani aliyeagiza gari lipande kifusi. Nikaeleza.

Siku hizi wananiita Mama Kifusi.

Mwezi uliofuata, kwenye orodha ya mahitaji, nikaongeza kifaa kimoja: "pima maji 1". Bohari wakachukua wiki tano, wakaniletea jagi. Jagi zuri la plastiki lenye mistari ya mililita, na barua imeambatanishwa: kifaa cha kupimia maji, pokea na uweke saini. Nikasaini. Fundi anaendelea kutuazima ya kwake kila asubuhi, anailaza kaunta kabla hajanywa, kipovu kikikaa katikati anasema, "Levo, sista," kisha anasema Nachingwea bila kuambiwa.

Jagi tunalitumia kwa juisi ya ukwaju. Juzi tukiwa tunagawana, kijana akasema safari hii imepungua. Binti, aliyekuwa amekaa kulia, akasema mbona kwake imezidi. Niliweka kikombe changu chini, nikashuka kwenda kuangalia tairi.