Flopi moja kwa mashine nzee: tunaokoa nini hasa?

Zipo kompyuta ambazo ukitaka kuziwekea mfumo endeshi mpya huna mlango mwingine ila ule wa flopi, ile diski bapa ya zamani. Utaratibu wa kuwasha mashine kwa CD ulitolewa mwaka 1995, na bodi za kabla ya hapo, pamoja na nyingine nyingi zilizofuata, haziamki kwa CD wala kwa flashi. Sisi mafundi wa programu huria hatujakubaliana juu yake. Wengine wanasema kuifufua mashine ya namna hiyo ni kuokoa kitu kizima, wengine wanasema ni kuchezea siku bure. Kazi hii naipenda na nimeifanya mara nyingi, lakini baadhi ya sababu tunazoitetea nazo sizikubali tena, hasa ile ya kwamba mashine hizi tuzipeleke shuleni.

Kwanza hebu tazama flopi yenyewe. Ile ya inchi 3.5 iliyozoeleka zaidi ina pande mbili, kila upande una njia 80, kila njia ina vipande 18 vya baiti 512. Ukizidisha unapata baiti 1,474,560. Picha moja ya simu ya leo mara nyingi haienei humo. Lakini watu wa OpenBSD, mfumo endeshi huria, kwa mashine za jamii ya i386 (zenye chipu za biti 32 za Intel na zinazofanana nazo), wameendelea kubana humo keneli, yaani kiini cha mfumo, programu ya kusakinisha, madereva ya kadi za mtandao, na hata ufunguo wa kuhakiki saini za mafaili yatakayovutwa baadaye. Flopi inaiamsha mashine tu, mzigo mzima unapita kwenye waya wa mtandao. FreeDOS, mradi wa mfumo huria wa aina ya DOS ulioanzishwa na Jim Hall mwaka 1994, nao haukuiacha njia hii: toleo la 1.3 la mwaka 2022 lilitoka na seti yake ya flopi.

Enzi za Slackware, mfumo wa Linux wa mwaka 1993, mambo yalikuwa mazito zaidi. Ulihitaji rundo la flopi, kila kundi na herufi yake: A ni mfumo wenyewe, N ni mtandao, X ni madirisha. Flopi moja ya katikati ikigoma, kazi yote inasimama hapo ulipo.

Na hapa ndipo upande wa watetezi una nguvu kweli. Kijana anayejifunza kazi kwangu alikaa mchana kutwa na mashine yenye chipu ya zamani ya 486 iliyokuwa ikiandika "LI" kwenye skrini nyeusi, kisha kimya. Ile programu ya kuamsha mfumo, LILO, huandika herufi za jina lake moja moja kadiri inavyopiga hatua, hivyo mahali inapokwama ndipo penye ugonjwa. Kukwama kwenye "LI" mara nyingi maana yake ni kwamba bayosi (programu ya ndani ya bodi inayoiamsha mashine) na mfumo hawakubaliani juu ya mpangilio wa hadi diski. Akaingia kwenye bayosi, akarekebisha hesabu ya silinda na vichwa, akarudia. Jioni zikatoka herufi zote nne. Kwenye kompyuta za sasa hatua hizo zimefichwa, na mwanafunzi anaweza kumaliza miaka mitatu ya chuo bila kuwahi kuziona.

Upande wa pili nao una hoja zake, tena nzito. Sony iliacha kutengeneza flopi mwaka 2011, kwa hiyo tunazotumia ni za akiba, na unyevu wa pwani hauzihurumii. Ukiifungua kava ya chuma na kukuta madoa meupe ya ukungu, usiitie kwenye mashine, maana itachafua kichwa cha kusomea na flopi nzima zitakazofuata zitaharibika. Wenye mradi nao wanaondoka polepole. Linux iliacha kuihudumia chipu ya 386 kuanzia toleo la 3.8 la mwaka 2013. Mwaka 2019 Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, aliitangaza dereva yake ya flopi kuwa yatima, kwa kuwa vifaa vizima vya kuijaribia vimekuwa adimu. Debian 13, mfumo mwingine wa Linux, ya mwaka 2025 haina tena kisakinishi cha i386. Ukirudi kwenye matoleo ya zamani yanayoenea, umerudi pia kwenye matundu ya usalama ambayo hakuna anayeyaziba. Na skrini ile ya kioo kizito inakula umeme wa LUKU kuliko kompyuta ndogo ya kisasa yenye ukubwa wa kiganja.

Kwa hiyo hoja ya "tuzipeleke shuleni" naikataa kabisa. Mtoto anayekalishwa mbele ya mashine isiyoweza kufungua hata ukurasa wa matokeo ya mitihani hajapewa kompyuta. Amebebeshwa taka yetu, na mwalimu wake amebebeshwa matengenezo. Ipeleke kwa anayetaka kujua mfumo endeshi unaamkaje, au iache palepale inapoendesha mzani au kifaa cha karakana chenye kadi isiyoingia kwenye bodi mpya. Kazi hizo hazihitaji intaneti, na hapo FreeDOS inatosha.

Jambo moja pande zote mbili hulisahau. Kisakinishi huuliza kama kifute hadi diski, nasi tunabonyeza ndiyo kwa haraka ya kuona mfumo mpya ukiwaka. Niliwahi kukaribia kufanya hivyo kwenye mashine iliyotoka stoo ya chama cha ushirika. Ndani mlikuwa na hesabu za wanachama za miaka sita, na daftari za karatasi zilikuwa zimeliwa na mchwa. Tangu siku ile flopi yangu ya kwanza huwa ya kunakili. Naiamsha mashine, navuta kila kilichomo kupitia waya wa mtandao, namwita mwenyewe aangalie majina, ndipo naweka flopi ya kusakinisha.