Mkoa una kazi gani shuleni?

Tangu Januari 2016, elimumsingi ilipoanza kutolewa bila ada nchini Tanzania, ruzuku ya uendeshaji hutoka Hazina moja kwa moja hadi akaunti ya shule. Ndipo walimu wakaanza kuulizana: kama fedha zinafika zenyewe, maafisa elimu wa mkoa, wa halmashauri na wa kata wanafanya nini hapo katikati?

Wanaotaka ngazi hizi zipunguzwe wana hoja nzito. Shule iko chini ya TAMISEMI, yaani wizara ya tawala za mikoa na serikali za mitaa, mtaala na wathibiti ubora (wakaguzi wa shule) wako Wizara ya Elimu, nidhamu ya mwalimu iko kwa Tume ya Utumishi wa Walimu, na kila mmoja anataka taarifa. Asubuhi moja nilikuwa shuleni kwa mwalimu mkuu ninayemfahamu. Ujumbe ukaingia kwenye kundi la WhatsApp: idadi ya madawati, mazima na mabovu, kabla ya saa sita. Takwimu zilezile alikuwa amezituma wiki iliyotangulia. Akawaacha darasa la saba na hesabu ya sehemu haijaisha ubaoni, akatoka kuhesabu madawati. Hilo liliniuma, na bado linaniuma.

Lakini tazama suala la mgawanyo wa walimu. Shule ya mjini walimu wanasubiriana vipindi. Ya pembezoni, walimu watatu wanabeba madarasa saba. Mkurugenzi wa halmashauri anaona shule zake tu, na hakuna mkurugenzi anayetoa mwalimu wa hisabati kwa hiari. Dodoma nako ni mbali mno kujua kwamba barabara ya kijiji fulani hukatika kila masika, na kwamba mwalimu aliyepangwa huko hana nyumba. Ofisi ya Katibu Tawala wa Mkoa ndiyo inayoziona halmashauri zote pamoja, na ndiyo inayoweza kumhamisha mwalimu kutoka moja kwenda nyingine ndani ya mkoa. Ukiiondoa, nani atasawazisha?

Tatizo ni kwamba Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997 iliuacha mkoa na sekretarieti ya kushauri na kuziwezesha halmashauri, huku shule zikiwa mikononi mwa halmashauri zenyewe. Matokeo ya darasa la saba yakiwa mabaya, mkoa unaulizwa. Nao, kwa kuwa rungu lake ni fupi, unaagiza taarifa nyingine.

Kwa hiyo mimi nasema mkoa ubaki, ila ukusanyaji wa takwimu uutoke mikononi. Shule ijaze mara moja kwenye mfumo, na anayetaka idadi ya madawati aisome humo. Kazi ya mkoa iwe walimu: kila muhula ujulishe umma ni shule zipi zina upungufu, nani amehamishiwa wapi na kama ameripoti. Na afisa elimu kata, aliyepewa pikipiki mwaka 2018 ili azifikie shule, asiishie kusaini kitabu cha wageni. Aketi dawati la nyuma kipindi kizima, kisha azungumze na mwalimu aliyefundisha.