Transmita ya redio au waya wa 4–20 mA?

Tangu WirelessHART, mtandao wa redio wa vifaa vya vipimo, iwe kiwango cha kimataifa, IEC 62591, mwaka 2010, mafundi wa vipimo na udhibiti wamegawanyika. Kuna wanaosema zama za kuvutia kebo kila transmita (kifaa kinachopima na kutuma thamani kwenye chumba cha udhibiti) zimepita, na kuna wasiotaka kusikia habari za betri wala antena. Kila upande una hoja, ila swali la kwanza mara nyingi halijaulizwa: kipimo hiki kinaendesha vali, au kinaangaliwa tu?

Waya una sifa moja kubwa. Sifuri yake ni mkondo wa 4 mA (miliampia) na asilimia 100 ni 20 mA, kwa hiyo ukikatika, mkondo hushuka hadi 0 na mfumo hujua kuna hitilafu. Haudhani kwamba tangi ni tupu. Lakini waya nao hudanganya. Maji yakipenya kwenye kisanduku cha miunganisho kupitia glendi (kibano cha kuingizia kebo) iliyolegea, mkondo kidogo huvuja kutoka waya chanya hadi hasi bila kupita kwenye transmita, na chumba cha udhibiti huusoma wote. Transmita inaruhusu 12 mA, yaani asilimia 50. Uvujaji wa 0.8 mA tu unaifanya skrini ionyeshe 55. Kengele ya hitilafu hailii, kwa sababu 12.8 mA ni thamani halali. Hapo unganisha kifaa cha mkononi cha HART, lugha ya kidijitali inayopita kwenye waya uleule, soma namba iliyomo ndani ya transmita yenyewe, uilinganishe na ya skrini. Zikipishana, fungua kisanduku kwanza. Wengi hukimbilia kalibresheni, yaani kurekebisha usomaji wa transmita, na transmita iliyokuwa nzima ndiyo inayoharibiwa: siku kisanduku kikikauka, itasoma chini.

Redio haina ugonjwa huo, maana thamani husafiri ikiwa namba. Kwa joto la beringi za pampu zilizotawanyika, au kina cha tangi la akiba kinachobadilika kwa saa nyingi, ni vigumu kutetea gharama ya mitaro na kebo. Mambo huharibika redio inapokabidhiwa PID ya mtiririko, yaani kidhibiti kinachosogeza vali ili mtiririko ubaki unapotakiwa. Vali ikisogea, mtiririko hubadilika ndani ya sekunde moja au mbili. Transmita inayotuma kila baada ya sekunde 8 hukiacha kidhibiti kikikokotoa kila sekunde kwa namba ileile ya zamani. Integrali, sehemu ya PID inayolimbikiza kosa kadiri muda unavyopita, inazidi kujumlisha kosa ambalo huenda limeshakwisha, vali inapitiliza, na mtiririko unaanza kuyumba. Ukiushusha muda wa kutuma hadi sekunde 1, betri ndiyo inayolipa.

Betri nayo haiishi kwa sababu ya kasi peke yake. Kifaa ambacho ndicho daraja pekee la wenzake, yaani wao hufika mtandaoni kupitia kwake tu, hubeba ujumbe wao wote, nacho huzimika mapema. Ndiyo maana kila kifaa kinahitaji walau majirani watatu kinaoweza kuwasiliana nao, na antena yake isimame wima, isibanwe na bomba wala ukuta wa chuma. Mpangilio wa kuwasha pia una uzito: lango la mtandao (kifaa kinachounganisha redio zote na chumba cha udhibiti) kwanza, kisha vifaa vilivyo karibu nalo, halafu vya mbali. Anayetia betri zote kabla lango halijawashwa anaviacha vifaa vikitafuta mtandao usiokuwepo, na chaji inaliwa kabla hata ya kipimo cha kwanza kufika.