Zege lililopaniki

Mama Mdogo anauza chipsi Sinza. Jirani yake mpya naye anauza chipsi, ila yule alizungusha kibanda chake taa za rangi zinazokimbizana, na ndani ya wiki moja bodaboda wote wakahamia huko. Mama Mdogo akanipigia simu. "Wewe si ndiye unayeshinda na hivyo vikompyuta? Nifanyie kitu."

Ningemfungia taa tu, mambo yangeishia hapo. Badala yake nikamwahidi sahani ya zege, yaani chipsi mayai, inayoelea hewani, inazunguka, juu ya kabati la chipsi. Nikatamka na neno hologramu.

Tuelewane hapo kwanza. Ile siyo hologramu. Hologramu ya kweli ni hesabu za Dennis Gabor za mwaka 1947, na leza zilizokuja baadaye. Ya kibandani ni kiinimacho ambacho John Henry Pepper aliwaonyesha watu wa London mwaka 1862. Kioo kisafi kinalazwa nyuzi 45, kitu chenye mwanga kinafichwa mahali mtazamaji hakioni, kisha kioo kinamrushia machoni sehemu ya ule mwanga. Kioo chenyewe hakioni, anachoona ni mzuka. Pepper alitumia mtu aliyevaa kama marehemu. Mimi nilitumia viazi na mayai mawili.

Vifaa: Raspberry Pi 3 (kikompyuta chenye jina la tunda), kadi ya GB 16, na monita ya mtumba ya inchi 19, zile za zamani zenye umbo la karibu mraba. Monita kama hiyo mara nyingi ina tundu la VGA na la DVI. Chukua waya wa HDMI kwenda DVI, ule hauna ujanja ndani yake na unafanya kazi. Waya mtupu wa HDMI kwenda VGA ni pesa ya bure, kwa sababu VGA ni analojia na lazima katikati pawe na kifaa cha kubadilisha. Najua kwa sababu ninao.

Boksi ni la plaiwudi, ndani limepakwa rangi nyeusi isiyong'aa. Monita inalala juu, uso chini. Kioo kinaanza ukingo wa chini wa mbele na kupanda hadi ukingo wa juu wa nyuma. Mteja akisimama mbele haioni monita, anaona picha imesimama wima nyuma ya kioo, katikati ya giza.

Sasa kioo. Skrini ya monita ile ina upana wa sentimita 37.6 na kimo cha 30.1. Nikaenda Kariakoo kwa fundi wa vioo nikamwambia anikatie 38 kwa 30. Akaniuliza kinakaa vipi. Nikamwonyesha kwa mkono kwamba kinalala hivi, nyuzi 45. Akanitazama kwa huruma. "Kijana, umeshawahi kuona kenchi ya bati? Mlalo siku zote ni mrefu kuliko chini." Nikamwambia akate tu, mimi nina vipimo vyangu. Nilipofika nyumbani kioo kikaishia hewani, kimepungukiwa sentimita 12 na ushee. Kimo cha skrini zidisha kwa 1.414: 30.1 inakuwa 42.6, kwa hiyo agiza 43. Niliporudi, fundi hakusema neno. Alicheka tu, tena taratibu.

Mara ya pili nikakosea unene. Nilichukua cha milimita 5, nikijua kibandani patakuwa na vurugu. Kioo kina nyuso mbili, na kila uso unarudisha picha yake, kwa hiyo mzuka unakuja na mdogo wake. Kwa nyuzi 45, picha hizo mbili zinaachana kwa karibu robo tatu ya unene wa kioo, yaani milimita 5 inakupa karibu milimita 4 za kivuli. Zege langu lilionekana kama limetazamwa na mlevi. Nikaishia na milimita 2, kile cha fremu za picha, na kivuli kikawa milimita moja na nusu ambayo mwenye njaa haioni. Plastiki ya akriliki nayo inafaa, lakini si karibu na karai. Mafuta yanatanda juu yake kila siku, na ukiifuta kwa kitambaa chenye chembe za chumvi unaichora. Kioo unaosha kwa sabuni ya vyombo, kinarudi kama kipya.

Kupiga video ilikuwa kazi ya jioni moja. Sahani ikawekwa juu ya kiti cha saluni kinachozunguka, nami nikakisukuma polepole, sekunde 20 mzunguko mmoja. Mandhari ya nyuma lazima iwe nyeusi ti, kwa sababu kwenye kioo, cheusi ndicho kinachogeuka kuwa hewa. Chochote kisicho cheusi kitaelea pamoja na chakula. Nikaazima baibui la Mama Mdogo. Sikuona kwamba mikononi lina nakshi za kumetameta. Kwenye video zege likatoka limezungukwa na nyota kama picha ya angani, na Mama Mdogo akazipenda, akakataa zisifutwe. Akataka na bei ionekane, tukachomeka kijikaratasi: ZEGE 3,000.

Jaribio la kwanza bei ikasomeka 000,3, na tarakimu ya 3 imegeuka mgongo. Kioo kinageuza kushoto kuwa kulia, hilo nililisahau. Dawa ni amri moja tu, *ffmpeg -i zege.mp4 -vf hflip zege2.mp4*, video inageuzwa kabla ya kufika kwenye kioo na kioo kinainyoosha. Kwenye kadi nilikuwa nimeweka mfumo wa Pi uitwao Raspbian Buster, toleo la Lite lisilo na madirisha, nikaiamuru icheze video kwa programu ya omxplayer bila kukoma kila inapowaka. Nikajiona fundi.

Usiku wa kwanza tulizima balbu ya mbele, kwa sababu kioo kinarudisha kama sehemu moja tu ya kumi ya mwanga wa skrini na balbu ya kibanda inaumeza wote. Saa moja na nusu watu wakajaa. Mtoto mmoja alitia mkono kwenye boksi achukue kiazi. Jirani mwenye taa za rangi alipita mara tatu akijifanya anakwenda dukani.

Ndipo dereva wa bodaboda akauliza, "Mama, mbona chakula chako kina umeme?"

Pembeni juu ya zege, upande wa kushoto, kulikuwa kunaelea kialama cha radi, cha njano, kinawaka na kuzima. "Ndiyo ile ile ya kwenye transfoma," akawaeleza wenzake. Watu wawili wakarudisha mikono mifukoni, na mmoja akadai arudishiwe pesa kabla hajala.

Ile radi ni Pi yenyewe inalalamika kwamba umeme wake umeshuka chini ya volti 4.63. Kosa lilikuwa waya. Nilitumia chaja ya simu na waya mwembamba wa mita tatu ili chaja ikae mbali na mafuta. Nyuzi nyembamba za namna ile zina ukinzani wa kama omu 1.3, kwenda na kurudi. Pi ikivuta ampea nusu tu, volti 0.65 zinapotelea njiani, na kati ya volti 5 zinafika 4.35. Dawa halali ni chaja ya volti 5.1 na ampea 2.5 yenye waya mfupi, ikae ndani ya boksi, na urefu uuvute kwa ekstensheni ya umeme wa ukutani.

Mimi nikaandika *avoid_warnings=1* kwenye config.txt, faili la mipangilio ya Pi. Mstari huo haurekebishi kitu, unaificha radi tu. Ni sawa na kuziba taa ya oili kwenye dashibodi kwa stika.

Siku ya tatu nilikuwa kwenye daladala, tumekwama Ubungo, simu ikaita.

"Wewe mtoto, umeniwekea nini?"

"Shikamoo Mama Mdogo. Kuna nini?"

"Shikamoo yako weka huko. Umeme ulikatika, umerudi, zege halipo. Kuna nyanya nne zinaelea, na chini yake maandishi. Yanatokea kulia, yanakwenda kushoto."

Hapo nikaelewa. Ninachoweka kwenye video nilikigeuza, lakini maandishi ya kuwaka hayapiti kwenye video. Pi ikiwaka inaonyesha kwanza kimraba cha rangi za upinde wa mvua, kisha nembo za tunda lake, moja kwa kila kiini cha prosesa. Pi 3 ina viini vinne, basi matunda manne mekundu yenye majani ya kijani. Baada ya hapo mistari ya maandishi meupe. Kioo hakichagui, kimepewa hayo nacho kikayarusha hewani, kinyumenyume, mbele ya foleni ya wateja.

"Watu wanasema ni Kiarabu," Mama Mdogo akaendelea. "Ustadhi yupo hapa, ameyaangalia."

Nikamsikia Ustadhi kwa mbali, sauti ya mtu aliyeona mengi: "Hiki si Kiarabu. Na si lugha ya binadamu."

Nikamwuliza kama maandishi yanasogea. Hayasogei, yameganda. Hiyo ilikuwa habari mbaya. Nilihitaji mstari wa mwisho, na hakuna wa kuusoma. Nikamwambia atafute kioo cha kujitazamia, asimame ameipa boksi mgongo, ayasome ndani ya kile kioo. Kilichogeuzwa mara mbili kinanyooka. Kijana wa mishkaki akatoa kioo chake cha kuchania nywele. Mama Mdogo akagoma kumpa jini mgongo. Akajitolea Ustadhi, baada ya kusoma alichosoma kwanza, na nikaanza kupokea herufi moja moja kupitia simu.

"Kei. Ii. Aa. Eni. Ii. Eli. Nafasi. Pii. Ei. Eni. Ai. Sii." Kimya. "Mama, hapa pameandikwa *panic*."

"Kimepaniki?" Mama Mdogo akanyakua simu. "Chombo chako kimepaniki?"

"Ndiyo, Mama Mdogo. Kerneli imepaniki."

"Mimi je?"

Kerneli ni moyo wa mfumo, ikipaniki kila kitu kinaganda. Siku tatu Pi ilikuwa inaishi kwa volti pungufu, na radi ya kunionya nimeizima kwa mkono wangu. Umeme ulipokatika ikawa katikati ya kuandika kwenye kadi, na faili za mfumo zikaharibika. Nilimwambia achomoe waya. Hakuna aliyekubali kuugusa. Maandishi yakaelea mpaka nilipofika, saa tatu kasoro, na zile nyanya nne juu yake zikiwa nyekundu na zimeiva vizuri.

Usiku ule nikafanya kilichotakiwa kufanywa mwanzo. Chaja halali, waya wa nusu mita. Kadi mpya. Kwenye raspi-config, menyu ya mipangilio ya Pi, nikawasha overlay, ambayo inafanya kadi isomwe tu bila kuandikwa, hata umeme ukatike mara kumi hakuna cha kuharibika. Kwenye config.txt nikatoa ule mstari wa aibu, nikatia *disable_splash=1* kuondoa upinde wa mvua, na *display_hdmi_rotate=0x10000*, ambao kwa toleo lile unageuza skrini nzima, maandishi na video pamoja. Mstari huo mmoja ungeniokoa na yote. Ukiutumia, rudisha video ambayo haijageuzwa, la sivyo bei itarudi kuwa 000,3. Mwisho, kwenye cmdline.txt nikaongeza *quiet*, *logo.nologo* na *console=tty3*, ikawa inawaka kimya, gizani.

Kesho yake jioni zege likazunguka safi kabisa. Watu walikuja, wakatazama, wakaguna.

"Leo jini hayupo?"

Habari ilikuwa imefika Mwenge. Kulikuwa na watu waliopanda gari kuja kuona. Mmoja aliagiza "zege la jini, na zile nyanya nne pembeni," akaambiwa zimeisha, akaondoka. Mama Mdogo akanivuta nyuma ya kibanda.

"Zile nyanya zirudishe."

Nikamweleza kwamba zinaonekana chombo kinapowaka tu. Akasema basi kiwe kinajizima na kujiwasha, kila siku saa mbili usiku, watu wakishajaa. Hilo ni jepesi. Nikazima overlay kwanza ili mabadiliko yaandikwe, nikafuta *logo.nologo* na *quiet*, na kwenye crontab ya root, ratiba ya kazi ambazo Pi inajifanyia yenyewe, nikaweka mstari wa kuiwasha upya. Saa inaipata kwenye wifi ya saluni, na ukanda wa saa nilishauweka wa Dar es Salaam, hapo sikukosea. Saa mbili, nikaandika `0 2 * * *`, nikarudisha overlay, nikaenda kulala. Boksi tuliliacha linawaka, kwa sababu mimi mwenyewe nilimkataza Mama Mdogo kulizima.

Simu ikaita saa nane na dakika tano usiku.

"Mlinzi amekimbia," Mama Mdogo akasema. "Ameacha rungu na kiatu kimoja. Hebu niambie, wewe shuleni saa ulifundishwa na nani?"