Kesi imeisha, na mimi sijaongea

Mwanamke mmoja wa Ujiji, Kigoma, muuza dagaa, alinijia jioni moja na mfuko wa nailoni mkononi. Ndani mlikuwa na PF3, fomu ya polisi ya matibabu, iliyokunjwa mara nne hadi mikunjo ikaanza kukatika, na wito wa shahidi wenye tarehe ya wiki mbili mbele. Alikuwa amejiandaa kwenda kusimama kizimbani. Asubuhi ile alipigiwa simu kwamba asisumbuke: mshtakiwa amekiri, wamekubaliana na upande wa mashtaka, hakimu ameshatoa adhabu.

"Dada, wanasema kesi imeisha. Imeishaje na mimi sijaongea?"

Mimi ni msaidizi wa kisheria tu, si wakili. Nimeshaulizwa mengi, lakini swali hilo bado halijanitoka.

Mashtaka yalikuwa mawili. La kwanza, shambulio la aibu: mtu aliyemfungia mlango wa ghala na kumshika mwili kwa nguvu. La pili, shambulio la kudhuru mwili, kwa sababu katika kujinasua mkono wake uliumia. Jamaa alikiri la pili, la kwanza likaondolewa. Kwenye kumbukumbu za mahakama, basi, yeye ni mtu aliyempiga mwanamke. Alichokuwa anakitafuta mle ghalani hakimo.

Makubaliano ya kukiri kosa yaliingizwa katika Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai mwaka 2019, na kanuni zake zikatoka mwaka 2021. Wakati wowote kabla ya hukumu, mwendesha mashtaka anaweza kukubaliana na mshtakiwa akiri, naye apunguziwe kosa au aondolewe mashtaka mengine. Wengi wetu tuliyasikia kwenye kesi za uhujumu uchumi, tukadhani kila kesi inaingia humo. Sivyo. Sheria imeyaweka nje makosa ya kujamiiana ambayo adhabu yake inazidi miaka 5 jela, na yale ambayo mwathirika ana umri chini ya miaka 18. Kubaka, ambako kifungo chake hakipungui miaka 30, hakujadiliwi. Anayemwambia mzazi kwamba kesi ya mtoto wake "itaongeleka na upande wa mashtaka" anamdanganya. Yanayobaki ni makosa kama shambulio la aibu au udhalilishaji wa kijinsia kwa mtu mzima.

Hapo ndipo penye mvutano, na wanaoyatetea makubaliano haya wana hoja ambazo siwezi kuzipuuza. Nimekaa na wanawake usiku wa kuamkia siku ya ushahidi. Hawalali. Ni kweli kesi za namna hii husikilizwa faragha, lakini aliyekuumiza yumo humo humo, na wakili wake anaweza kukuuliza ulivaa nini. Mahakama ya Rufani ilishasema mwaka 2006 kwamba ushahidi wa kweli wa ubakaji hutoka kwa mwathirika mwenyewe. Kauli ile imewapa wanawake nguvu, lakini imewatwisha mzigo pia, maana siku ukishindwa kusema kesi inalegea. Mashahidi nao hawakungoji. Hapa kwetu, Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi miezi mitatu mwaka 2024, watu wa mwaloni, soko la samaki ufukweni, walitawanyika kutafuta riziki. Shahidi aliyekwenda Mpanda kubeba mizigo utamrudisha kwa nauli ya nani?

Hoja yao nzito kuliko zote haisemwi sana. Kwa Sheria ya Ushahidi, hukumu ya jinai ikishafika mwisho, bila rufaa au baada ya rufaa, ni uthibitisho usiopingwa katika kesi ya madai. Aliyetiwa hatiani hawezi kuja kwenye kesi ya fidia na kukana. Ila panga hilo linakata kuwili: akiachiwa huru kwa kukosekana ushahidi, usafi wake nao unahesabiwa umethibitika. Anayekubali mshtakiwa akiri kosa dogo anakwepa hatari hiyo.

Sasa upande wa pili. Sheria inasema mwendesha mashtaka ashauriane na mwathirika au mpelelezi, pale mazingira yanaporuhusu. Maneno hayo ya mwisho ndiyo yanayoniuma. Mazingira ya Uvinza au Kakonko, mwathirika hana simu na nauli ni elfu kumi na kitu, yataruhusu lini? Na hiyo "au" inatosha kumwacha nje, mradi mpelelezi ameulizwa. Yule mama ana simu, anakaa mjini, na bado hakuulizwa. Mimi nasimama hapa: kupunguza idadi ya mashtaka kunaweza kuwa na busara, lakini kuliondoa lile la kingono na kubakiza la ugomvi, bila mwenyewe kuulizwa, ni kumnyima ukweli wake. Katiba, ibara ya 59B, inamtaka Mkurugenzi wa Mashtaka azingatie kutenda haki, kuzuia matumizi mabaya ya taratibu, na maslahi ya umma. Sioni umma gani unafaidika na kumbukumbu iliyofichwa nusu.

Neno lenyewe, "makubaliano", linatuharibia. Huku kwetu na kwa jirani zetu wa Tabora, watu wakilisikia wanafikiria kumalizana: wazee wawili, ng'ombe mmoja, na binti anayeambiwa anyamaze. Kumalizana kwa namna hiyo katika kosa la jinai hakumfungi mtu mdomo kisheria, na anayepokea chochote ili kuzima kosa kubwa anaweza kushtakiwa yeye.

Nilimwambia nini, basi? Kwanza, aombe nakala ya hukumu na ya makubaliano. Pili, fidia. Mahakama inapomtia mtu hatiani inaweza kuamuru amlipe aliyeumia, na makubaliano yenyewe yanaruhusu fidia. Kama haikutajwa, amwone wakili wa serikali haraka. Ndiye huyo huyo wa kumwendea ikiwa makubaliano yalijengwa juu ya udanganyifu, kwa sababu upande wa mashtaka unaweza kuomba yatenguliwe.

Tatu, kesi ya madai, ambayo wengi hawajui kwamba bado ipo. Shtaka lililoondolewa kabla mshtakiwa hajaitwa kujitetea si ushindi kwake, ameachiwa tu. Kwa hiyo lile la ghalani linaweza kuletwa mbele ya mahakama ya madai, ambako kinachotakiwa ni uzito wa ushahidi kuegemea upande wako, si kuondoa kila shaka. Aliye fukara anaweza kuomba afungue bila ada. Ila nilimweleza pia machungu yake: atalazimika kuongea, yale yale aliyoepushwa, na hukumu ya fidia dhidi ya mtu asiye na mali ni karatasi. Huyu ana ghala. Mwingine ana baiskeli. Tukio likiwa la kazini, mwajiri naye anaweza kuwajibika, na kuna Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya migogoro ya kazi, lakini huko siku za kupeleka lalamiko ni 60 tu.

Kwenye kesi ya madai ya namna hii muda wa kufungua ni miaka 3, na hauhesabiwi tangu hukumu ya jinai. Unahesabiwa tangu siku ya tukio. Wangapi wameketi wakisubiri kesi ya jinai iishe, huku mwaka wa tatu unayoyoma?

Tulihesabu naye kwa vidole. Miezi 19 ilishakwenda, imebaki 17. Alisema hajui kama atafungua. Ana watoto, na ghala lile bado analipita kila siku akienda sokoni. Sikumsukuma. Akageuza bahasha ya wito, akaniomba nimwandikie tarehe ya mwisho nyuma yake, kwa herufi kubwa, aweze kuisoma bila miwani.