Jicho Langu, Ufunguo wa Kampuni

Wasomaji wengi wa riwaya za saibapanki, yaani hadithi za kubuni za miji ya kesho yenye teknolojia kubwa na maisha duni, hukumbuka zaidi mandhari yake: mvua isiyokatika, taa za neoni, maghorofa yaliyofunikwa na matangazo, vijana wenye nyaya kichwani. Wakishafunga kitabu husema funzo ni kwamba binadamu ameipenda mashine kupita kiasi. Sikubaliani nao. Kila nikizirudia hadithi hizi naona zinalilia jambo jingine kabisa: mashine iliyomo ndani ya mtu ni mali ya nani?

Chukua Neuromancer ya William Gibson, iliyotoka mwaka 1984. (Gibson aliiandika kwa taipureta, bila kompyuta, na nadhani ndiyo maana aliwatazama watu kuliko mitambo.) Mdukuzi Case aliwaibia waliomwajiri. Hawakumuua. Walimtia sumu iliyoharibu mishipa yake ya fahamu ili asiweze tena kuingia mtandaoni, na hiyo ndiyo kazi pekee aliyoijua. Baadaye anatokea tajiri mpya, anamgharamia matibabu, anapona. Kisha anaambiwa kwamba ndani ya mishipa yake ya damu kumepachikwa vifuko vya sumu ileile, navyo vinayeyuka taratibu. Akimaliza kazi vitaondolewa. Asipomaliza, atarudi kuwa alivyokuwa. Kamba aliyofungwa nayo ni tiba yenyewe.

Jambo la namna hii limekwisha kutokea nje ya riwaya, japo bila mtu mwenye nia mbaya. Los Angeles kulikuwa na kampuni iliyoitwa Second Sight, iliyounda kifaa cha Argus II kwa ajili ya watu waliopofushwa na ugonjwa wa kurithi unaoua chembe za retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Mgonjwa alivaa miwani yenye kamera ndogo. Picha zilichakatwa na kifaa alichobeba mwilini, kisha zikarushwa bila waya hadi kwenye elektrodi 60, yaani ncha ndogo za umeme, zilizobandikwa juu ya retina. Ulaya ilikiidhinisha mwaka 2011, Marekani mwaka 2013. Bei yake ilikuwa kama dola 150,000. Hakikuonyesha sura za watu. Kilileta mimweko ya mwanga, ambayo mtu akijifunza kuisoma aliweza kujua mlango uko wapi au mistari ya kuvukia barabara imeanzia wapi. Kwa aliyeishi gizani miaka mingi hilo si dogo.

Mwaka 2019 kampuni iliacha kukitengeneza. Mwaka 2020 ikakaribia kufilisika na kuwaachisha kazi wafanyakazi wake wengi. Wakati huo watu zaidi ya 350 duniani walikuwa wamepandikizwa vifaa vyake. Jarida la IEEE Spectrum lilipowatafuta na kuchapisha habari zao mwaka 2022, likawakuta hawana fundi wala vipuri. Mmoja alihitaji kipimo cha MRI, kinachopiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku yenye nguvu. Madaktari walitaka maelezo ya kampuni kwanza kwa sababu ya kile kilichokuwa jichoni mwake, na hawakupata wa kuwapa. Filamu ya Blade Runner ya mwaka 1982 ilikuwa na fundi wa macho ya kuundwa, na hadithi yake iliwekwa Los Angeles, Novemba 2019. Mwaka uleule kampuni ilipoacha kuunda kifaa chake, jiji lilelile. Nilipogundua hivyo nilikosa usingizi.

Nikiyasema haya huambiwa: basi tuachane na teknolojia. Hapana. Kutegemea chombo si aibu. Mgonjwa wa kisukari anategemea insulini na anaishi. Watu wa pwani wametegemea majahazi karne nyingi. Lakini jahazi lililoundwa Lamu likivuja Pemba, fundi wa Pemba atalitia kalafati bila kumwomba ruhusa aliyeliunda. Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika chini ya bahari, intaneti yetu ilidorora, tukaumia, lakini meli ya matengenezo ilitumwa kwa sababu kulikuwa na watu waliobanwa na wajibu wa kuitengeneza. Walioachiwa Argus II hawakuwa na wa kumdai wajibu huo.

Na sisi tumekwisha kuzoeshwa taratibu. Tazama simu za mkopo: unalipa kidogo kidogo, ukichelewa skrini inajifunga yenyewe. Dereva wa bodaboda anakosa abiria wanaoita kwa programu, anakosa hela za kesho za kulipia deni lilelile. Fundi wa Kariakoo atakubadilishia kioo na betri, ila kufuli hilo hana uwezo nalo. Najua mkopo lazima ulipwe. Nisichokikubali ni kumnyang'anya mtu chombo cha kumwezesha kulipa.

Linaloniumiza zaidi ni watoto. Tangu mwaka 2017 Hospitali ya Taifa Muhimbili imekuwa ikiwapandikizia watoto viziwi vifaa vya usikivu, na ninaifurahia kazi hiyo kwa moyo wote. Sehemu moja inakaa ndani ya fuvu. Nyingine huvaliwa nyuma ya sikio, nayo huchakaa, hupotea, huanguka majini. Mtoto wa miaka mitatu atakihitaji kifaa hicho maisha yake yote, na mtengenezaji yuko ng'ambo.

Mwaka 2024 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria ya haki ya kutengenezewa vitu, inayohusu mashine za kufulia, majokofu, simu na vinginevyo. Vifaa vya mwilini vinastahili zaidi. Hapa kwetu Tanzania, TMDA, yaani Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, ndiyo inayosimamia vifaa tiba. Naiomba iweke sharti kabla ya kusajili chochote kinachopandikizwa: michoro na programu zake zihifadhiwe mahali ambapo fundi mwingine ataruhusiwa kuzifungua siku kampuni ikifunga milango, na akiba ya vipuri iwepo nchini. Na mzazi, kabla ya kutia saini fomu ya upasuaji, aelezwe kwa maandishi ni nani atakayekitengeneza kifaa cha mwanawe miaka ishirini ijayo.